Nimevuta

Homa Bay,
11 Januari 2024

Kaka Motari,

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Tangu tumzike mama, simu zetu ni kelele tu. Wewe unakata au mimi nakata, halafu mkeo Mong'ina anabaki kutupatanisha kwa ujumbe. Kwenye karatasi utalazimika kunisikiliza hadi nukta.

Nina shida ya ushonaji. Nimeanza kuendesha baiskeli. Nesi aliniambia sukari inapanda, nami nikakataa kuzunguka uwanja wa shule kila jioni kama askari wa zamu. Sasa tuko wanawake wanane: walimu wenzangu, majirani, na Kultum mwenye duka la vitambaa. Kila Jumapili asubuhi tunatoka kidogo na kurudi.

Baiskeli zipo. Nguo ndizo hazipo. Sketi inaingia kwenye mnyororo. Suruali ya kawaida inanichubua mahali nisipoweza kukuandikia. Kaptula za baiskeli zinazopatikana kwenye mitumba zilikatwa kwa mwili wa mwanamume mwembamba wa nchi nyingine, na mimi nina nyonga za mama, unazijua. Kwa hiyo nitashona yangu hapa nyumbani, kwa cherehani ya mama, ile ya kukanyaga.

Tatizo ni kwamba kitambaa cha kuvutika sijawahi kukigusa. Nilipoacha kushona kwa Fundi Bashir nikaenda chuo cha ualimu, pale dukani Migori tulikuwa na sare za shule na magauni ya kanisa basi. Hivi vya kuvutika vilikuja baadaye, na wewe ndiye uliyebaki ukavijua. Nifundishe. Na nikimaliza nitakutumia uvute, kama zamani. Bashir ametangulia lakini sheria yake naishika: nguo haitoki mpaka mkono wa pili, usio wa aliyeshona, umevuta kila mshono, na mwenye mkono huo aseme kwa kinywa chake, "Nimevuta."

Dada yako,
Nyakerario


Suna,
19 Januari 2024

Nyakerario,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu.

Unaniomba mimi nikufundishe kushona nguo niliyoikemea mimbarini Sabato ya tarehe sita? Kama habari haijafika huko Homa Bay, nairudia: nilisema nguo hizi za kubana zitawavua wanawake wetu barabarani, mchana, mbele ya watu. Maneno hayo yamechapishwa katika jarida letu la kanisa, na watu wawili wa Isebania wameniandikia kunipinga, nami nimewajibu mpaka wakanyamaza.

Hiyo kaptula ya kubana, baika kama wasichana wanavyoiita, mimi siihesabu kuwa vazi. Ni rangi iliyopakwa mwilini. Na usinidanganye kwamba ukiishona mwenyewe umejikomboa. Waliotuletea marobota ya mitumba waliua viwanda vyetu vya nguo, wakatufundisha kuchukia vitambaa vyetu, na sasa wameturithisha hata umbo la aibu yao. Tunakaa majumbani tunaiga kwa mikono yetu, bure, halafu tunajiita wajanja! Nimesoma historia ya biashara ya pamba kuliko wote wanaonipinga, na sijaona ushindi wa namna hiyo.

Lakini fundi akiulizwa na fundi, hujibu. Vuta kitambaa huku na huku ujue upande unaovutika zaidi. Upande huo uzunguke paja, usishuke na mguu. Fumua kaptula moja ya mitumba upate vipande, kisha uviongeze kwa mwili wako. Tumia uzi wa nailoni. Sindano iwe ya ncha butu, kali itatoboa kitambaa na kukiachia matundu. Mahali pa kukalia pasiwe na mshono hata mmoja. Sponji iwe kipande kimoja. Cherehani ya mama inatosha. Ikanyage polepole.

Ukimaliza nitumie nivute. Kukuvutia mshono hakumaanishi nimekubaliana nawe.

Motari


Homa Bay,
6 Februari 2024

Kaka Motari,

Kalamu yako nyekundu ungeitumia kwenye historia yako mwenyewe. Hayo magauni marefu unayoyalinda kama yalishuka na Musa yaliletwa na wake wa wamisionari. Bibi yetu alilima Kisii akiwa na ngozi kiunoni na shanga shingoni, na hakuna barabara iliyomvua. Wewe unachagua mwaka wa kuanzia historia, halafu unatushinda kwa huo. Ulikuwa hivyo hata tukigawana viazi.

Sasa sikia mambo ya maana. Kaptula ya kwanza niligeuza kitambaa, kikavutika kwenda chini. Niliivaa nikashindwa kuinama kuchukua chaki. Sponji nilikata kwenye godoro la zamani, nene mno, nikatembea sebuleni kama bata, Kultum akacheka mpaka akakaa sakafuni. Ya pili nilipunguza sponji nusu, nikaifunika kwa fulana ya pamba. Kiunoni nimeweka lastiki pana ili isikate tumbo. Kitambaa ni cha bluu nzito, na uzi nimepata wa bluu hiyohiyo.

Nimeikalia saa nzima kwenye baiskeli iliyosimama, nimeegemea ukuta. Haichubui popote! Kaka, tangu mama afe sijawahi kufurahia kitu cha mikono yangu namna hii.

Ndiyo hii kwenye kifurushi. Mshono ninauona mzuri, umenyooka kama ile mishono Bashir aliyokuwa akiwaonyesha wateja. Lakini macho yangu si mkono wako. Vuta kwa nguvu. Ukisema umevuta, nitawashonea wenzangu wote saba.

Dada yako,
Nyakerario


Suna,
14 Februari 2024

Nyakerario,

Nimevuta.

Mong'ina anakusalimu. Mvua bado.

Motari


Homa Bay,
22 Februari 2024

Kaka yangu,

Barua ya maneno machache kuliko zote ulizowahi kuandika, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Niliwasomea wenzangu: "Nimevuta." Mwalimu Beverlyne akauliza, "Mzee wa kanisa amevuta nini?" Tukacheka, nikalazimika kuwaeleza habari za Bashir. Tangu siku hiyo limekuwa neno letu. Mtu akipanda mlima bila kushuka, anapiga kelele, "Nimevuta!"

Nimeona umeongeza nyuzi tatu nyeusi kwa mkono kwenye nyonga ya kulia. Asante. Hukusema, lakini mkono wako naujua. Unapinga kwa mdomo, halafu unaimarisha kwa sindano. Nilipoziona nilikaa kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Kaptula zote nane zimekwisha, kwa mshono uleule uliouvuta. Kultum ameivalia kanzu pana juu, iliyokatwa pembeni ili miguu izunguke. Anasema yeye ametupita sote, wewe na mimi, maana kajisitiri na anaenda mbio.

Jumapili tarehe kumi Machi tutafanya safari ndefu, kabla Kultum hajaanza mfungo. Tutaondoka hapa alfajiri, tupite Rodi, na baada ya hapo sikuambii. Wewe uwe nyumbani tu siku hiyo, usiende kubishana na watu sokoni.

Dada yako,
Nyakerario


Suna,
4 Machi 2024

Nyakerario,

Nimepata yako. Nimechelewa kujibu kwa kazi.

Hiyo safari naona ni ndefu kwa mwanamke mwenye sukari. Jua la Machi si mchezo. Mngetosheka na kuzunguka hapohapo mjini. Kama ni lazima mwende, basi jifunge leso kiunoni, wewe na wenzako wote. Narudia: leso kiunoni. Si lazima uniulize sababu kila ninapokushauri.

Mwaka mwingine mnaweza kwenda mbali.

Motari


Homa Bay,
18 Machi 2024

Kaka Motari,

Nakuandikia kuomba msamaha, maana nimeharibu jina la kazi uliyonifundisha.

Tulitoka tarehe kumi kama nilivyokuambia. Leso sikujifunga. Nilisoma barua yako nikasema, kaka amerudi mimbarini, nikaikunja. Kabla ya kufika Rodi kuna mwinuko. Nilisimama juu ya pedali ili nisukume, nikasikia kama mtu anapasua karatasi. Nyonga ya kulia ilifunguka kutoka kiunoni hadi pajani. Nikasema nitavumilia, nikaendelea. Tulipofika kituoni Rodi watu walikuwa wametoka misa, wamejaa. Ya Beverlyne nayo ikafunguka, ya kwake nyuma. Akasimama ghafla, Kultum akamgonga kwa nyuma, wote wakaanguka. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Neuru! Neuru!" Tazameni, tazameni. Kultum alivua kanzu yake akamfunika Beverlyne, akabaki yeye na kaptula yangu mbele ya umati ule, mwanamke ambaye hata nywele zake mimi sijaziona.

Tulirudi nyuma ya lori la mchanga. Kuna mzazi aliyepiga picha. Imezunguka katika kundi la wazazi wa shule, na mwalimu mkuu ameniita. Beverlyne amesema hapandi tena.

Kosa ni langu. Nadhani uzi niliobadilisha nilipofika ya nne ulikuwa dhaifu. Au mkono wangu umezeeka. Ulivuta moja nzuri, mimi nikashona saba mbaya. Hata hiyo uliyoivuta naamini niliichosha kwa kuivaa kila siku. Usijilaumu.

Ulisema watavuliwa barabarani. Umeshinda, kaka.

Dada yako,
Nyakerario


Homa Bay,
25 Machi 2024

Mzee Motari,

Salamu. Hatujaonana. Mimi ni Kultum Abdullahi, rafiki ya dada yako. Niko kwenye mfungo, kwa hiyo nimesubiri hasira ishuke ndipo nikashika kalamu.

Mambo mawili. La kwanza, dada yako hakukuambia tulikuwa tunakwenda wapi. Tulikuwa tunakuja kwako. Kutoka hapa, Rodi, Rongo, hadi Suna. Alikuwa amenituma niulizie njia ya mlangoni pako kwa binamu yangu Bashir, mjukuu wa yule fundi wenu, ili tusilazimike kukupigia. Alitaka ufungue mlango umkute amesimama na baiskeli. Alisema, "Kaka hawezi kubishana na mtu aliyekuja kilomita sabini kwa miguu yake." Mwenyewe hatakuambia kamwe.

La pili. Kaptula moja haikuvaliwa siku ile, mwenyewe aliumwa. Nimeileta dukani, nikaivuta mbele ya kaunta. Sijui kushona, nauza vitambaa tu. Ilikatika mara moja, ta, ta, ta. Uzi haukuwa dhaifu hata kidogo. Mshono ulionyooka hauwezi kuvutika pamoja na kitambaa. Hata mimi nimelijua hilo kwa kuvuta mara moja.

Sasa nakuuliza kuhusu zile nyuzi tatu nyeusi. Mtu haongezi uzi mahali ambapo hapakukatika.

Sijamwambia. Nakuachia wewe.

Kultum


Suna,
2 Aprili 2024

Nyakerario, dada yangu,

Nimeianza barua hii mara tano. Nne za kwanza zilikuwa na hoja.

Nilivuta. Hilo ni kweli, na kwa wiki saba nimejificha nyuma ya ukweli huo. Nilikuwa nikijiambia kwamba niliandika "Nimevuta", sikuandika "imeshika". Nikiwa na mpinzani wa kawaida ningeshinda kwa hoja hiyo. Lakini wewe na mimi tulikulia katika duka moja, na pale neno lile lilikuwa na maana moja tu.

Nilipovuta nyonga ya kulia, nyuzi zilikatika tatu. Mong'ina alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, akauliza, "Imeshika?" Nikamjibu imeshika. Kisha nikachukua sindano nikazirudishia, ili usione. Uzi wa bluu sikuwa nao. Zile nyuzi ulizonishukuru kwazo, zilizokufanya ukae kidogo, zilikuwa za kuficha.

Nilijua dawa yake. Ni mwendo wa nyoka: kama cherehani haina zigizaga, unakisogeza kitambaa kwa mkono kushoto na kulia huku unakanyaga, mshono unapinda, ukivutwa unanyooka na haukatiki. Bashir alinifundisha mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka. Katika barua ya Januari sikuliandika jambo hili kwa sababu nilikuwa nabishana nawe kwa raha, likanitoka. Hilo naomba uniamini ni kusahau. La Februari halikuwa kusahau.

Sababu unaijua, lakini niiandike mimi. Ilipokatika mikononi mwangu nilisikia maneno yangu ya mimbarini. Nilikuwa nimesema mtavuliwa njiani, na hapo nilikuwa nimeshikilia jambo hilo likisubiri kutimia. Ningekuandikia mstari mmoja lisitimie. Sikuandika. Nilitaka kuwa mtu aliyesema kweli, Nyakerario, kuliko nilivyotaka wewe ufike salama. Na sikujua ulikuwa unafika kwangu.

Machi niliogopa, nikakuambia ujifunge leso. Nilikuwa na nafasi ya maneno kumi na nikayapoteza kwa kukutisha na jua.

Sabato iliyopita ndugu mmoja, Ryoba, alisimama kanisani akaionyesha picha ile kwenye simu yake, akasema mzee Motari alituambia. Watu wakaitikia. Nikasimama nikawaambia ni nani aliyevuta mshono ule. Sikuwaeleza vizuri, sijazoea kusema jambo linaloniumiza mwenyewe. Uzee wa kanisa nimeuacha siku hiyohiyo. Jarida limekataa kuchapisha barua yangu, wanasema haina funzo.

Kwenye kifurushi kuna kaptula nane, kwa vipimo nilivyovichukua kwa ile moja yako ilipokuwa hapa Februari. Nimezishona mwenyewe kwa mwendo wa nyoka. Sijazivuta. Mkono wangu ni wa kwanza, na hata ungekuwa wa pili usingefaa.

Sikuombi lolote.

Motari


Homa Bay,
9 Mei 2024

Motari,

Kifurushi kilifika wiki ya pili ya Aprili. Kilikaa juu ya cherehani ya mama bila kufunguliwa hadi baada ya Idd, na barua yako nayo niliisoma nusu, nikaiweka, nikaisoma nusu nyingine shule zilipokuwa zimefungwa na mvua.

Sikuzivuta mimi. Nilimpa Kultum. Alizivuta zote dukani kwake, mbele yetu, kwa mikono miwili na goti, mpaka mteja mmoja akauliza kama anagombana nazo. Zimeshika. Kila moja. Kazi yako ni safi kuliko yangu, nasema hivyo kama fundi. Kuanzia sasa Kultum ndiye mkono wetu wa pili, na neno lile analisema yeye.

Beverlyne alichukua yake akaikunja akaiweka mkobani. Hajasema atapanda, hajasema hapandi.

Jumapili hii tunatoka watano. Tunaelekea Mbita, tuziache baiskeli pale, tupande boti hadi Takawiri, tule samaki, turudi. Hatuji upande wa Suna. Wenzangu waliniuliza, nikasema njia ile ina mwinuko.

Ile leso ndiyo inayonirudia. Si kile ulichonyamazia Februari, hicho nimekielewa, wewe ni wewe. Ni kwamba Machi ulinionya, na mimi nikadhani ni mahubiri. Tumebishana miaka mingi mno, siku uliyojaribu kuniambia kweli sikuweza kuitofautisha na zile nyingine. Hilo sijui ni kosa la nani kati yetu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna shati la baiskeli. Ni lako. Lina mifuko mitatu mgongoni, na zipu fupi shingoni kwa sababu hupendi kukabwa. Kifua nilikikadiria nilivyokuona siku ya mazishi. Lilikuwa kwenye begi langu siku ile pale Rodi. Nilitaka ulivae uje nasi hata mwendo wa dakika kumi, mpaka sokoni Migori na kurudi, kwa baiskeli ya yeyote.

Nililishona Februari, baada ya kupata neno lako. Kwa hiyo ni mshono uleule ulionyooka. Sijaligusa. Ukilivaa, litafunguka. Unaweza kulifumua ulishone upya kwa mwendo wa nyoka, au unaweza kuliacha lilivyo.

Usiniandikie umefanya lipi. Na tafadhali, usilivute.

Nyakerario